Barafu ya Futari

Kama uliishi Temeke miaka ile ya mwishomwisho ya Mwingereza na hukumjua Auleria, basi hukuwahi kuteguka mguu, hukuwahi kuzaa, wala hukuwahi kulala vibaya ukaamka shingo imekaza. Maana yeyote aliyepatwa na mojawapo ya hayo aliishia barazani kwake, juu ya jamvi lake, birika likichemka jikoni na mwenyewe akikunja mikono ya gauni. Alikuwa mkandaji. Watu walisema mikono yake ilizaliwa na joto lake yenyewe, kwamba hata asubuhi za baridi ya Juni ukimpa mkono unahisi umeshika mkate uliotoka tanuruni. Aliyekuja akichechemea aliondoka akitembea. Na kama aliondoka bado akichechemea, Auleria alisema ni ukaidi wa mtu mwenyewe, hakutulia alipoambiwa atulie.

Ndiyo, alikuwa na majivuno kidogo. Nani hana, kwa kazi anayoiweza?

Alikuwa Mmakonde wa Newala, Mkatoliki wa rozari shingoni, mjane. Marehemu mumewe alimleta pwani kwa njia ya mashamba ya mkonge, wakahama kambi hii wakaingia ile, hadi walipofika Dar es Salaam na bwana akapata kazi ya kupakua mizigo bandarini. Homa ya mapafu ikamchukua. Akamwachia mkewe nyumba ya fito na udongo iliyoezekwa makuti, na mtoto mmoja wa kiume, Leonardi.

Sasa, Mkatoliki huyu alikuwa na jambo moja lililowashangaza wageni wa mtaa. Kila Ramadhani, jua likianza kushuka, ungemkuta kasimama kando ya barabara akimsubiri Marijani muuza barafu kwa hamu kuliko hata wale waliofunga. Ananunua bonge, analipasua kwa jiwe, anawagawia majirani zake Waislamu nyumba hadi nyumba, kisha anarudi kwake kunywa maji ya mtungi yasiyo na hata chembe ya barafu. Mgeni akiuliza, "Huyu mama kasilimu?" wenyeji hucheka. "Hajasilimu," humwambia. "Anashukuru." Na wakiwa na nafasi humkalisha mgeni wakamsimulia habari yenyewe, ambayo ni hii.

Leonardi alikuwa mchongaji wa mpingo. Alichongea pale pale ubavuni mwa nyumba, ndani ya kibanda cha makuti, pamoja na binamu yake Fransis. Asiyewajua wachongaji wa Kimakonde hudhani kazi ile ni ya mikono. Kumbe mikono hushika tezo na kisu tu. Kinachoshika gogo ni miguu. Mchongaji huketi chini, akalibana gogo kwa nyayo na magoti, akaligeuza kwa vidole vya miguu kama wewe unavyoligeuza chungwa unapolimenya. Miguu ndiyo jiriwa yake. Mguu mmoja ukiondoka, gogo linacheza, kisu kinapotea njia, na mtu aliyekuwa fundi anaanza kutafuta kazi ya kuuza mkaa. Leonardi alikuwa na mke, Rosalia, mwenye mimba iliyokaribia siku zake, na mama ambaye sifa zake zilikuwa kubwa kuliko mapato yake. Wote walikula kutoka katikati ya nyayo zile mbili.

Maranda na vumbi la mbao vilivyobaki kibandani vilikuwa na mteja wake. Marijani, kijana wa Kizaramo mwenye mkokoteni, alikuja kuvizoa bure kwa ajili ya kufunikia barafu yake. Barafu iliyotoka kiwandani mjini bila kufunikwa maranda na gunia haikufika Temeke, yalifika maji. Kwa hiyo Marijani na Leonardi walikuwa watu wa kutaniana, na Auleria alikwisha mkanda Marijani mgongo zaidi ya mara moja, kwa sababu mkokoteni ni mzigo wa punda na yeye alikuwa mtu.

Mwaka ule Ramadhani iliangukia masika. Asubuhi moja, mvua ilipoacha, Leonardi alianza gogo jipya lililokuwa bado na unyevu. Kisu alikwisha kinoa vizuri. Gogo likateleza kati ya nyayo, kisu kikafuata nguvu ya mkono, kikamwingia pajani kwa ndani, juu kidogo ya goti. Damu haikutiririka, iliruka.

Fransis akapiga ukelele. Auleria alikuwa barazani akimkanda mzee mmoja kiuno. Alimwacha kalala kifudifudi, akatoka mbio na mikono yake imejaa mafuta. Hakuuliza kitu. Alipiga magoti, akatia vidole gumba vyote viwili pale pale damu ilipotokea, akaegemea kwa uzito wake wote, na Mungu alikuwa hajamnyima uzito. Damu ikasimama. Fransis akafunga kanga juu ya vidole vya mama, lori la mawe likasimamishwa barabarani, wakapakiwa: Leonardi kalala juu ya kokoto, Auleria kamwinamia, Rosalia kashika kichwa cha mumewe mapajani, Fransis kaning'inia nyuma. Njia nzima Auleria alisali Salamu Maria bila kuimaliza hata mara moja, kwa kuwa kila shimo la barabara lilimrudisha mwanzo. Vidole hakuviondoa mpaka wauguzi wa hospitali ya serikali walipomwambia viondolewe, na hata hapo ilibidi waambiwe mara mbili, yeye na vidole.

Daktari wa upasuaji alikuwa Mwingereza mrefu aliyewahi kutibu askari vitani. Wagonjwa walimwita Bwana Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno la Kiswahili alilolipenda kuliko yote, akilitumia kwa salamu, kwa onyo na kwa pole. Mengine yote alitafsiriwa na muuguzi, binti wa Bukoba aitwaye Demetria, mwenye sauti ya upole na macho yasiyopitwa na kitu.

"Mama, shikamoo," Demetria alimwambia Auleria. "Daktari anasema mshipa mkubwa unaopeleka damu mguuni umekatika. Zamani dawa yake ilikuwa moja, kuukata mguu. Yeye amejifunza kuushona mshipa wenyewe."

"Kushona mshipa? Kama nguo?"

"Kama nguo. Ila vyombo lazima vichemshwe, na damu ya kumwongezea itafutwe. Wakati wote huo mguu unangoja bila damu. Ukingoja mno, nyama yake inakufa. Ikishakufa, hata mshipa ukishonwa ni kazi bure. Tena sumu ya nyama iliyokufa inarudi mwilini, inakwenda mpaka kwenye figo, na hapo tunampoteza mtu mzima kwa ajili ya mguu."

Rosalia akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mtaukata?"

Demetria akamtafsiria daktari. Daktari akamtazama Rosalia, akatazama na tumbo lake. "Tutajitahidi sana usikatwe," alisema, na Demetria akalifikisha neno kama lilivyo. "Lakini mguu ukianza kufa, nitaukata. Taratibu, mama."

Fransis akachukuliwa kwenda kutoa damu. Rosalia akaketi ukumbini na rozari. Auleria akaachwa kando ya kitanda cha mwanawe wakati vyombo vikiandaliwa, na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mkandaji tu ndiye angeweza kulifanya.

Aliugusa mguu. Ulikuwa wa baridi kama tumbo la mtungi, na rangi yake imekuwa ya majivu. Kila alichokijua tangu ujana kikamwambia neno moja. Baridi ni ugonjwa na joto ni uzima. Aliyezaa hukandwa kwa maji ya moto, aliyeanguka hukandwa kwa maji ya moto, mshipa uliokaza hulainika kwa maji ya moto. Na hawa watu, pamoja na elimu yao yote, wamemwacha mtoto wake agande mguu wakaenda kuchemsha mikasi! Alitoka kimyakimya akazunguka nyuma hadi jikoni, akamwomba mpishi makaa, akachota mchanga uani, akaupasha moto ndani ya kopo mpaka ukawa mkali, akaufunga kwenye pindo la kanga. Aliurudisha chini ya gauni kama mwizi wa kuku, akautia ndani ya blanketi, kwenye kisigino cha mwanawe.

Leonardi hakusema kitu. Auleria akafurahi. "Umeona?" alijiambia. "Ametulia."

Demetria aliporudi alinusa kanga iliyoungua kabla hajafika kitandani. Akafunua blanketi.

"Mama! Nani kaweka hiki?"

"Mie. Mwanangu ana baridi na nyie mmemwacha."

"Kitoe, mama! Kitoe upesi!"

"Wee binti," Auleria alisema, mkono kiunoni, "mie nimekanda watu wewe hata mama yako hajaposwa. Joto halijaua mtu."

Demetria hakubishana. Aliutupa ule mchanga, akaunyanyua mguu taratibu, akamwonyesha kisigino. Ngozi ilikuwa imevimba malengelenge yenye maji, makubwa kama macho ya ng'ombe.

"Kaka Leonardi," aliuliza, "unasikia kitu huku chini?"

"Sisikii kitu, sista," Leonardi alijibu, midomo yake imekauka. "Mguu huo ni kama si wangu."

Auleria alishika ukingo wa kitanda. Huyu ndiye mtoto ambaye zamani, akichomwa na mwiba, mtaa wote ulijua. Mama yake amemwunguza kwa mkono wake mwenyewe na yeye kalala tu, hajui. Ile hali ya kujiona mjuzi ilimtoka yote kwa mara moja, na mahali pake ikaingia hofu ambayo hajawahi kuijua, hata siku aliyomzika mumewe.

Daktari alikuja, akaona malengelenge, akamtazama mama. Kila mtu alingoja afoke. Alisema neno lake lile lile, taratibu, kisha akamwambia Demetria maneno marefu ya Kiingereza akaondoka kwa haraka isiyolingana na jina lake.

"Anasema mguu uzungushiwe barafu," Demetria alitafsiri. "Sasa hivi, na wakati wote atakapokuwa akishona."

"Barafu?" Sauti ya Auleria ilirudi ghafla. "Anayewekwa barafu ni maiti na samaki. Mwanangu ni yupi kati ya hao?"

Hapo Demetria angeweza kumwamuru anyamaze, na hospitali ingekuwa upande wake. Lakini alimshika mkono, akamkalisha kwenye benchi, akakaa naye.

"Mama, mguu nao unakula. Chakula chake kinakuja na damu, na sasa njia imekatika. Ukiutia joto unauamsha. Ukiamka unataka kula, na chakula hakuna, kwa hiyo unajila wenyewe mpaka uishe. Ukiutia baridi unalala. Aliyelala njaa haimmalizi upesi. Atangoja mpaka njia ifunguliwe."

Macho ya Auleria yalikuwa yametazama sakafu ya saruji, lakini alichokiona ni sakafu nyingine, ya udongo, kule Newala, wakati wa njaa ya vita vya Mjerumani. Alikuwa mtoto. Askari walikwisha pita wakachukua ghala lote, na mama yake aliwalaza yeye na ndugu zake chini, ndani ya nyumba yenye giza, akawakataza kucheza, akawakataza kutembea, akawakataza hata kulia. "Laleni," alisema. "Anayecheza ndiye njaa inayemwona." Siku moja Auleria alichoropoka akatoka nje kukimbizana na watoto wa jirani, mama yake akamrudisha kwa fimbo. Alimchukia mama yake kwa fimbo ile miaka mingi. Watoto wa jirani waliendelea kucheza, na kabla mvua hazijanyesha walikuwa wamezikwa. Yeye na ndugu zake walikula mtama mpya.

Hakuwahi kumshukuru mama yake kwa hilo. Alimshukuru pale, kwenye benchi la hospitali, akiwa mtu mzima mwenye mvi, kwa sauti iliyomfanya Demetria adhani anaongea naye.

"Barafu iko wapi?" aliuliza, akisimama.

Hapo ndipo Demetria aliposhusha uso. Friji ya hospitali ilikuwa ndogo, ya kuwekea dawa. Barafu yake wauguzi wenzake walikuwa wameizungusha mguuni wawili hao walipokuwa benchini, na ilikuwa ikiyeyuka. Dereva aliyetumwa kiwandani naye ndiyo kwanza amerudi, mikono mitupu. Ni Ramadhani, barafu yote ya siku ile ilikwisha toka, imekwenda mitaani kwa waliofunga.

"Namjua aliyeitoa," Auleria alisema, akajifunga kanga kiunoni.

Alikwenda kwa miguu, peku, gauni lake limekauka damu kifuani, mpaka njia panda ya Gerezani ambapo Marijani hupita kila alasiri. Watu walimpisha. Alimkuta kijana anasukuma mkokoteni uliojaa, magunia yanavuja matone barabarani, midomo yake myeupe kwa swaumu.

"Shikamoo, Mama Leonardi."

"Marahaba. Marijani, nataka barafu."

"Bonge gani, mama?"

"Yote."

Marijani akacheka. Kisha akaona lile gauni, akaacha kucheka. Auleria akamweleza, kwa maneno machache na pumzi fupi. Kijana akaweka mkokoteni chini.

"Mama, mie ningekupa na roho yangu. Lakini hii barafu si yangu. Watu wamekwisha agiza, kila bonge lina mwenyewe. Ni amana, na mie nimefunga. Nitaila vipi amana ya watu mwezi huu?"

Auleria wa asubuhi angempigia kelele mpaka Gerezani nzima ikatoka nje. Auleria wa alasiri alimwelewa. Mtu anayeogopa kula amana ndiye mtu wa kumwomba msaada.

"Basi twende kwa wenyewe," alisema.

Mtaa wa kwanza wa wateja haukuwa mbali. Wanawake walikuwa wamekwisha toa majamvi, uji unachemka, mihogo inakaangwa, na nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bi Mwanaidi, bibi mwembamba aliyesifika kwa sharubati ya ukwaju na kwa ulimi mkali kuliko ukwaju wenyewe. Alitoka na bakuli lake tayari kupokea. Marijani akamweleza.

"Mguu wa nani?"

"Wa Leonardi, bibi, mchongaji wa Temeke. Ndiye anayenipa maranda ya kufunikia hii barafu unayokunywa kila siku."

"Na mie kiu yangu je?" Bi Mwanaidi aliuliza. "Tangu alfajiri ninawaza ukwaju wa baridi, nimeuchuja mara mbili." Akamtazama Auleria, damu kifuani, miguu yenye matope, macho. Kisha akamgeukia Marijani kwa hasira kubwa. "Sasa umesimama nini, mjinga wewe? Huoni inayeyuka?"

Akapaza sauti. Mtaa mzima ulisikia, na huenda na wa pili. Milango ikafunguliwa, wenye barafu wakatoka, Bi Mwanaidi akiwaeleza habari kabla mama mwenyewe hajafungua kinywa, tena akiipamba hapa na pale. Hakuna aliyesema hapana. Mzee mmoja alilitazama bonge lake muda mrefu kama anayemuaga msafiri, akameza mate aliyokuwa hana, akasema, "Maji ya mtungi nayo ni baridi ya Mungu. Pelekeni."

Auleria alitaka kushukuru. "Mungu awa..." alianza.

"Shukuru kesho," Bi Mwanaidi alimkatiza. "Nenda!"

Walikwenda. Marijani alisukuma kwa tumbo tupu, Auleria akivuta mbele kwa kanga aliyoifunga kwenye ubao wa mbele, na yeyote aliyewaona siku ile, mama mnene na kijana mwembamba wakikimbiza mkokoteni kurudi mjini wakati mji wote unarudi nyumbani, alidhani wameibiana kitu.

Waliwasili Leonardi akiwa amekwisha ingizwa chumba cha upasuaji. Kazi ikahamia kwenye ukumbi wa nje. Marijani alishusha mabonge, Auleria akayatia ndani ya gunia akayaponda kwa jiwe, akavichota vipande kwa mikono akavijaza kwenye mifuko ya mpira, na Demetria akatoka kuichukua. Ndani, mguu ulifungwa shuka kwanza ili baridi nayo isiunguze ngozi, kisha ukazungushiwa mifuko hiyo toka chini ya jeraha hadi vidoleni. Daktari alikuwa ameubana mshipa kwa vibanio, anaushona kwa uzi wa hariri mwembamba kama unywele, taratibu kweli kweli. Mguu ulikuwa umelala. Kila mfuko ulipoyeyuka Demetria alitoka tena, na kila alipotoka alikuta mwingine tayari.

Mikono ya Auleria kwanza iliuma. Kisha ikawasha, kama imetiwa pilipili. Kisha haikusikia kitu tena, akawa anaitazama ikichota barafu kama mikono ya mtu mwingine. Akakumbuka neno la Leonardi, kwamba mguu ni kama si wake, na akasema moyoni, sasa tuko sawa, mwanangu.

"Mama, pumzika kidogo," Rosalia alimwambia.

"Mwenye kupumzika ni wewe na huyo mjukuu wangu. Kaa."

Jua lilikuwa linazama daktari alipotoka. Shati lilikuwa limemgandia mgongoni. Alizungumza na Demetria, Demetria akamgeukia mama huku akijizuia kutabasamu kabla ya wakati.

"Mshipa umeshonwa. Damu imefunguliwa na haivuji. Barafu sasa basi. Mguu uachwe uamke wenyewe, usitiwe joto la aina yoyote. Ukiamka, umepona. Usipoamka..." Hakumaliza.

"Nisiukande?" Auleria aliuliza. Aliuliza kwa adabu, kama mwanafunzi.

"Usiukande, mama."

Kulikuwa na kipande kimoja cha barafu kilichobaki guniani, kidogo kama yai. Auleria akakiomba. Adhana ya magharibi ilipolia upande wa Kariakoo, Marijani alikuwa ameketi ngazini, mgongo kauegemeza kwenye gurudumu la mkokoteni, hana hata tende. Auleria alijaza kikombe maji ya bomba, akatia kile kipande, akakibeba kwa viganja viwili kwa kuwa vidole vilikuwa havijui tena kushika mpini.

"Futuru, mwanangu."

Marijani alisoma dua yake, akanywa hadi nusu, akafumba macho. Kisha akamrudishia. "Na wewe, mama. Wewe nawe umefunga leo, hukunuia tu."

Ilikuwa kweli. Hakuwa ametia kitu kinywani tangu asubuhi. Akanywa. Miaka yote baadaye aliposimama barabarani Temeke akigawa barafu, maji yale ndiyo aliyokuwa akiyalipa, na kila mwaka aliona bado.

Demetria akamwita ndani. Leonardi alikuwa kitandani, dawa ya usingizi inamtoka kidogo kidogo, macho yake yanafumbuka na kufumba. Rosalia alikuwa upande wa kichwani. Demetria alifunua shuka miguuni, akainama, akatazama mguu kwa muda, akasogea kando.

"Gusa, mama. Gusa tu."

Auleria alisita. Mikono iliyowahi kushika nusu ya Temeke iliogopa kushika mguu wa mtoto iliyemwogesha. Aliiweka juu ya unyayo, polepole, akifumba macho. Kwanza hakusikia kitu. Ni mikono au ni mguu? Akangoja. Kisha, katika vidole vyake vilivyokufa ganzi, kitu kikaanza kupanda, kidogo, chenye kuchoma kwa utamu, kikapita viganjani kikaingia vifundoni. Maisha yake yote yeye ndiye aliyewapelekea watu joto. Sasa lilikuwa linamjia, na lilikuwa linatoka kwenye mguu.

Mguu ukashtuka. Vidole vikajikunja, kama vinavyojikunja kushika gogo.

"Nani huyo?" Leonardi alinung'unika, ulimi wake bado mzito. "Mama? Toa mikono yako bwana, ya baridi!"

Demetria akajishika mdomo. Rosalia akaanza kulia na kucheka pamoja. Mkandaji wa Temeke, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno la namna hiyo tangu azaliwe, aliiondoa mikono yake upesi kama alivyoambiwa, akaifumbata kifuani, machozi yakimtiririka hadi kwenye rozari.

"Sema tena, mwanangu," alimwomba. "Sema tena."